Jinsi ya kuanza ualimu wa kujitolea katika vijiji vya Haut-Katanga

Kila mwaka, masomo yanapokwisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na katika ISP, chuo cha juu cha ualimu cha mji wetu, ulio makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wapo vijana wenye diploma mkononi wanaosema kwamba wangependa kwenda kufundisha kijijini bila mshahara. Nia hiyo ni njema, na inahitajika sana. Ukitoka Lubumbashi kuelekea Kasenga, Sakania, Kipushi au Kambove, huendi mbali kabla ya kukuta shule ambapo mwalimu mmoja anafundisha darasa la kwanza na la pili katika chumba kimoja, huku watoto wa darasa la tatu wakinakili maneno ubaoni bila mtu wa kuwaeleza maana yake.

Kuna jambo moja ninaloliweka mbele ya mengine yote. Darasa lililoanzwa mwezi wa tisa na kuachwa mwezi wa kwanza huwaumiza watoto kuliko darasa ambalo halikuanzwa kabisa, kwa sababu mzazi amekwisha kununua daftari, mtoto amekwisha kuandikishwa, mkurugenzi wa shule amekwisha kupanga walimu wake kwa kukuhesabu wewe, na katikati ya mwaka hakuna anayeweza kushika nafasi yako. Kwa hiyo kila shauri nitakalolitoa hapa, liwe la hati, la chakula, la lugha au la ubao, lina kusudi la kukufikisha mwisho wa mwaka wa shule ukiwa bado unafundisha.

Ujue kwanza unakwenda kwa jina gani

Swali la kwanza ujiulize mwenyewe, na ulijibu kwa ukweli: je, unakwenda kujitolea kwa muda unaojulikana, au unakwenda kwa matumaini ya kuingizwa katika orodha ya walimu wanaolipwa na Serikali? Kwa nje mambo haya mawili yanafanana, kwa maana katika hali zote mbili unafundisha bila mshahara, lakini ndani yake ni tofauti kabisa. Katika nchi yetu wako walimu wengi waliofundisha miaka na miaka bila namba ya utumishi, au wakiwa na namba bila malipo, wakingoja siku watakapotambuliwa na idara inayosimamia mishahara ya walimu, ile iliyojulikana kwa muda mrefu kwa jina la SECOPE na ambayo sasa inaitwa DINACOPE. Tangu Septemba 2019, Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ambayo imeandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, ile michango ambayo wazazi walikuwa wakiitoa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi za Serikali ilikatazwa. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na hilo ni jema kubwa, lakini mwalimu asiyekuwa na mshahara alibaki bila mshahara na bila mchango.

Ukifika katika shule ambapo mwalimu wa namna hiyo anashikilia darasa, halafu mkurugenzi akakupa wewe darasa lake kwa kuwa umetoka mjini na una diploma ya juu kuliko yake, utakuwa umemnyang'anya mtu nafasi aliyoilinda kwa jasho lake, na siku utakapoondoka shule itakuwa imewapoteza wote wawili. Omba darasa lisilo na mwalimu, au omba kugawana na mwenzako darasa lililojaa kupita kiasi, na uyaseme maneno hayo yeye akiwepo, ili asibaki na wasiwasi juu yako. Na kama kweli unatafuta kuajiriwa, mwambie mkurugenzi hivyo tangu siku ya kwanza, ufuate njia ya hati zinazotakiwa, wala usijiite mwenye kujitolea.

Kuchagua shule na kuifikia kwa njia yake

Shule nyingi za msingi za Serikali huko vijijini zinaongozwa na jumuiya za dini kwa makubaliano na Serikali: ziko za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu na za Kiislamu, na nyingine ziko chini ya Serikali moja kwa moja. Ni lazima ujue shule unayoifikiria ni ya upande gani, kwa sababu ofisi ya kupeleka barua yako inategemea jambo hilo. Kwa shule ya Kikatoliki, kwa mfano, utaanzia katika ofisi ya uratibu wa shule za Kikatoliki, si kwa paroko tu, hata kama paroko ni mtu unayemfahamu. Katika hali zote, ofisi ya elimu ya wilaya inapaswa kupewa habari, na mkaguzi wa eneo ajue kwamba upo. Mwalimu aliyeingia kwa mlango wa nyuma huwa na shida siku mkaguzi anapofika na kukuta darasa mikononi mwa mtu asiyekuwa katika karatasi yoyote.

Barua yako iwe fupi. Iseme wewe ni nani, umesoma nini, unaomba kufundisha darasa gani, tangu tarehe gani hadi tarehe gani, na kwamba huombi malipo kwa Serikali wala kwa wazazi. Ambatisha nakala ya diploma, nakala ya kadi ya mpiga kura, cheti cha mwenendo mwema kutoka komini yako, yaani ofisi ya mtaa wako mjini, na cheti cha afya. Ukipata jibu, omba upewe hati ya safari yenye muhuri, maana huko njiani na huko kijijini mgeni huulizwa hati, na ni vizuri jibu liwe mfukoni mwako badala ya kuwa maelezo marefu.

Kabla ya kutoa neno la mwisho, nenda ukaitazame shule kwa macho yako, mwezi wa saba au wa nane, wakati barabara bado ni kavu. Hakuna maelezo ya mtu mwingine yanayochukua nafasi ya ziara hiyo. Mwombe mkurugenzi akuonyeshe daftari ya mahudhurio ya mwaka uliopita, uhesabu watoto walioandikishwa mwezi wa tisa na wale waliobaki mwezi wa sita, kwa maana tofauti ya namba hizo mbili itakueleza mengi kuhusu maisha ya kijiji. Tazama paa, ubao, na mahali watoto wanapokalia. Uliza maji yanatoka wapi, kituo cha afya kiko umbali gani, na simu inashika mtandao katika sehemu gani. Uliza pia, bila kuona haya, juu ya usalama. Wilaya za Mitwaba na Pweto, kwa mfano, zilipitia miaka ya mashambulizi ya kundi la Bakata Katanga, na watu wa huko ndio wanaojua njia ipi inapitika na ipi haipitiki. Wakikushauri kungoja, ngoja.

Kuhusu darasa la kuomba, shauri langu ni hili. Usiombe darasa la sita katika mwaka wako wa kwanza, kwa sababu watoto wake wanatayarishwa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, wenye Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla, na ni haki yao kuwa na mwalimu aliyekwisha kuzoea mtihani huo. Usiombe darasa la kwanza kama hujui lugha inayozungumzwa na watoto wa mahali pale. Darasa la tatu au la nne ndilo linalomfaa mgeni mwenye bidii, na pia ndilo mahali ambapo watoto wengi hupotea, maana ndipo Kifaransa kinapochukua nafasi kubwa ya kufundishia.

Chakula, nyumba na fedha

Watu wengi wanaoacha kazi hii katikati ya mwaka hawaachi kwa sababu ya darasa. Wanaacha kwa sababu unga umekwisha, malaria imewashika wakiwa peke yao, na hakuna fedha ya kurudi mjini. Piga hesabu ya miezi kumi kabla ya kuondoka: unga wa bukari (ugali), mafuta, chumvi, sabuni, taa ya sola, vocha za simu, usafiri wa kwenda na kurudi walau mara moja katikati ya mwaka, na akiba ya matibabu ambayo huigusi kwa jambo lingine lolote. Ikiwa familia yako au kanisa lako limeahidi kukusaidia, panga nao tarehe ya kutuma fedha kwa simu kila mwezi, na ujue ni duka gani la kijiji au la njia panda linaloweza kukutolea fedha hizo, maana si kila mahali wakala ana pesa taslimu. Vitu vizito vipeleke mapema. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuendelea hadi mwezi wa nne, na katika miezi hiyo lori lililotumia siku moja laweza kutumia siku kadhaa.

Nyumba itafutwe na kamati ya wazazi pamoja na mkurugenzi, wala si wewe peke yako, ili kijiji kijue unalala wapi na nani ni jirani yako. Chandarua chenye dawa ni cha lazima tangu usiku wa kwanza. Maji ya kunywa uyachemshe au uyatie dawa, hasa ukiwa upande wa mto Luapula na ziwa Moero, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mfahamu muuguzi wa kituo cha afya kabla hujaugua.

Wazazi watakuletea mahindi, mihogo, pengine kuku au samaki wakavu. Usikatae kwa ukali, kwa sababu mkono wa mzazi unaotoa unastahili heshima, lakini elekeza zawadi hizo zipitie kwa kamati, mbele ya watu, na usipokee kitu kutoka mkononi mwa mtoto siku za kukaribia mitihani. Wala usikusanye fedha darasani kwa sababu yoyote, hata ya chaki. Kama chaki zimekwisha, jambo hilo ni la mkurugenzi na kamati.

Siku za kufika

Ukifika, utapelekwa kwa chifu wa kijiji kabla ya kwenda popote, na kama hupelekwi, omba kupelekwa. Mkurugenzi ndiye anayekutambulisha. Utasalimu kwa adabu, utakaa unapoonyeshwa, utangoja kuulizwa, kisha utasema kwa maneno machache: "Baba chifu, nimekuja kusaidia katika shule yenu hadi mwisho wa mwaka huu wa masomo. Naomba baraka yako na ya wazee, na nikikosea naomba nielekezwe kama mtoto wa hapa." Usiahidi madawati, wala vitabu, wala wafadhili. Ahadi zinazotolewa siku ya kwanza kwa furaha ndizo zitakazokumbukwa mwezi wa tatu, na watu watakuuliza habari zake kwa haki kabisa.

Kiswahili kitakufungulia milango mingi, lakini usidhani kila mtoto wa kijiji anakiongea kama mtoto wa komini ya Kenya au ya Kamalondo hapa Lubumbashi. Upande wa Kasenga na Luapula watoto wengi huzungumza Kibemba na lugha za jirani zake nyumbani. Upande wa Sakania utasikia Kilamba, na kwingineko Kisanga. Jifunze salamu tangu wiki ya kwanza. Mzee anayesikia kijana wa Lubumbashi akimwambia "Mwashibukeni" asubuhi na "Natotela" akipewa maji, humtazama kwa jicho lingine. Kisha jifunze maneno ya darasani, kama njoo, kaa, sikiliza, andika, rudia, na majina ya vitu vinavyoonekana. Tafuta mtoto wa darasa la tano au la sita awe mwalimu wako wa lugha saa za jioni, mkiwa mmekaa nje mbele ya watu.

Darasani

Wiki ya kwanza usikimbilie programu. Mwite kila mtoto peke yake, umpe herufi chache, silabi chache, maneno mawili matatu na sentensi moja fupi, uandike katika daftari yako anachoweza na asichoweza. Utakuta katika darasa la nne watoto wanaosoma bila shida wamekaa pamoja na wengine wasiojua kutenganisha "ma" na "na", na utashangaa wamefikaje hapo. Wamefika kwa kukariri. Mtoto wa namna hii huimba mstari wote pamoja na wenzake, sauti yake iko juu kuliko za wote, na macho yake yako dirishani. Njia ya kumtambua ni rahisi. Andika ubaoni "ma me mi mo mu", waache waimbe, halafu onyesha kwa fimbo "mo", kisha "ma", kisha "mu", bila kufuata mpangilio. Darasa litanyamaza. Wale wachache watakaojibu ndio wanaosoma, na waliobaki ndio kazi yako ya mwaka.

Kwa watoto hao, anza na neno wanalolijua na wanaloliona, kama "maji" au "samaki". Litamke polepole, wapige makofi kwa kila silabi, andika neno zima, ligawanye, chukua silabi moja na uizungushie irabu zote, kisha rudi kutengeneza maneno mapya kwa silabi zilizokwisha kujulikana. Kata vipande vya katoni, andika silabi moja katika kila kipande, uwape watoto wanne wanne waunde maneno sakafuni. Kipande cha katoni mkononi mwa mtoto humfanya atazame herufi, jambo ambalo kuimba hakulifanyi. Ujue pia kwamba kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, "watu" na "vitu", huku mtoto nyumbani husema "bantu" na "bintu". Akisoma kwa kutamka kama nyumbani, ameelewa, na hilo ndilo la kwanza. Mwonyeshe umbo la kitabuni kwa upole, na usiruhusu mtu yeyote amcheke.

Sheria ya mfumo wa elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia, kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kueleza hesabu kwa Kiswahili au kwa Kibemba ni kuwaharibu watoto, mjibu kwa heshima kwamba sheria inaruhusu. Kifaransa kianze kwa mdomo na kwa matendo, muda mrefu kabla ya kunakili. Mtoto ainuke, afungue mlango, ahesabu mawe, ataje majina ya vitu akiwa anavishika. Mtoto aliyejifunza kusoma vizuri katika lugha anayoielewa atahamisha ujuzi huo katika Kifaransa, lakini asiyejua kusoma kwa lugha yoyote atabaki kuchora maumbo ya herufi tu.

Kuna njia moja ninayoipendekeza kwa nguvu kwa madarasa ya tatu, nne na tano. Ni kutenga saa moja kila siku ambapo watoto hawagawanywi kwa darasa bali kwa uwezo: wale wa herufi pamoja, wale wa maneno pamoja, wale wa kusoma habari fupi pamoja. Shirika la Pratham la India ndilo lililoikuza njia hii, na majirani zetu wa Zambia wameitumia katika shule zao za msingi kwa madarasa hayohayo. Haihitaji kitu cha kununua. Inahitaji walimu watatu wanaokubaliana juu ya saa moja, na mkurugenzi anayeilinda saa hiyo. Usiilazimishe. Ianze katika darasa lako, na wenzako wakiona matokeo watakuuliza.

Katika hesabu, vitu vya kushika viko kila mahali: punje za mahindi, vizibo vya chupa, vijiti. Mwambie kila mtoto alete vijiti, mfunge kumi kumi kwa kamba ya gome. Ukifika kwenye kutoa, kwa mfano 34 kutoa 18, mtoto ana mafungu matatu na vijiti vinne. Anatakiwa kutoa vijiti vinane na anavyo vinne tu. Mwache ahangaike kidogo. Atafungua fungu moja mwenyewe, atapata vijiti kumi na vinne, ataondoa vinane, kisha ataondoa fungu moja, na mbele yake kutabaki fungu moja na vijiti sita. Kile ambacho kwa miaka alikariri kama "kuazima kwa jirani" amekifanya kwa vidole vyake. Baada ya hapo ndipo uandike ubaoni.

Ukipewa madarasa mawili katika chumba kimoja, waketishe wakitazama kuta mbili tofauti, kila darasa na ubao wake, na upange ili darasa moja liandike wakati lingine linazungumza. Kopo moja la rangi nyeusi ya ubao, ukilibeba kutoka Lubumbashi, litatosha kufufua mbao kadhaa zilizokwisha kuwa nyeupe kwa uchakavu. Kama shule ina paa la mabati, tayarisha tangu mwezi wa tisa kazi za maandishi za siku za mvua, kwa maana mvua kubwa ikipiga bati sauti yako haifiki hata mstari wa pili, na mwalimu asiyejitayarisha hupoteza saa mbili akingoja. Na ukiwa na watoto themanini, usijidanganye kwamba utasahihisha daftari zote kila siku. Sahihisha mstari mmoja kwa siku, lakini kwa makini, ukimwandikia mtoto alichokosea, na kabla ya wiki kwisha kila mmoja awe amepata macho yako.

Karatasi za kazi uzishike kama mwalimu yeyote anayelipwa: mpango wa masomo ya mwaka, fishi, yaani karatasi, ya matayarisho ya kila somo, daftari ya kazi ya kila siku, na daftari ya mahudhurio. Mkaguzi atazitaka. Zaidi ya hayo, mwalimu atakayekufuata atazihitaji.

Watoto wasiofika

Katikati ya mwaka madarasa hupungua, na kila pungufu lina sababu yake. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza watoto wako shambani wakipalilia. Viwavi vinapotoka msituni, familia nzima huenda kuviokota, kwa sababu ni chakula na pia ni fedha. Kando ya mto, wavulana hufuata mitumbwi. Karibu na barabara kuu, wakubwa kidogo husaidia kuchoma makaa na kusukuma baiskeli zilizopakia magunia kuelekea mjini, na mahali penye machimbo utawakuta wengine wakiosha mawe. Wasichana hubaki nyumbani kuteka maji na kulea wadogo zao.

Usimfukuze mtoto aliyerudi baada ya majuma mawili, wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Panga na mkurugenzi, kabla ya msimu kufika, masomo gani yafundishwe katika majuma ambayo wengi hawapo, ili yale mapya na magumu yangoje, na waliobaki wafanye marudio. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, mtume jirani yake akaulize, na baada ya juma nenda mwenyewe, jioni, usalimu, uketi, uulize habari za nyumba kabla ya kutaja shule. Mara nyingi utapata jambo linaloweza kurekebishwa: daftari imekwisha, mdogo wake hana wa kumwangalia, mtoto alipigwa na mwenzake njiani. Mama aliyekuona umeketi kwenye kibaraza chake atamrudisha mtoto upesi kuliko mama aliyetumiwa barua.

Mipaka ambayo haivukwi

Hapa sitarefusha maneno, kwa kuwa hayana mjadala. Usimpige mtoto. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu, nyumbani na shuleni, isimamiwe kwa njia inayoheshimu utu wa mtoto, na utakapoona fimbo mikononi mwa wenzako, onyesha kwa darasa lako kwamba utulivu hupatikana bila hiyo. Usiwatume wanafunzi kulima shamba lako, kukuchotea maji au kukupikia, hata pale ambapo ni desturi. Mwanafunzi asiingie nyumbani kwako peke yake, na hasa msichana. Marudio yafanyike shuleni, mlango ukiwa wazi, watoto wakiwa wengi. Ukisikia kwamba mtu yeyote, awe mwalimu mwenzako au mtu mwenye cheo, anamdhuru mtoto, usifiche kwa ajili ya amani ya shule. Mwambie mkurugenzi, na kama mkurugenzi ndiye mwenyewe, peleka kwa mkaguzi na kwa ofisi iliyokutuma.

Kufunga mwaka

Masomo hufungwa mwishoni mwa mwezi wa sita au mwanzoni mwa mwezi wa saba, na barabara wakati huo ni nzuri, kwa hiyo hakuna sababu ya kuondoka kabla ya matokeo kutangazwa. Waambie watoto mapema, walau mwezi wa tano, kwamba utaondoka na lini, ili wasidhani umewakimbia. Mwombe mkurugenzi akutajie mwalimu atakayeshika darasa, na mkae pamoja siku chache za mwisho mkiwapitia watoto mmoja mmoja: nani anasoma, nani ameanza kusoma, nani bado, nani huumwa mara kwa mara, nani hukosa siku za soko na kwa nini. Andika hayo katika kurasa chache zinazosomeka, uyaweke pamoja na mpango wa mwaka, fishi zako na vile vipande vya katoni. Nakala moja ibaki kwa mkurugenzi, nyingine uipeleke kwa ofisi iliyokupokea, na uchukue cheti cha kazi ulichofanya, kilichotiwa sahihi na muhuri, kabla ya kwenda kumuaga chifu.